Julai ya Jared na Mitungi ya Oksijeni

Saa mbili asubuhi, Thika bado haijaliona jua, na Jared Odawa anabingirisha mtungi wa oksijeni kwenye ujia wa idara ya dharura. Mabenchi ya hospitali hii ya kibinafsi yamejaa kina mama na vikohozi. Leo hata pa kukanyaga hapana.

"Januari mimi hukaa hapa mpaka nikasinzia," anasema akihema. "Mitungi miwili inatosha siku nzima. Julai ni kumi, kumi na miwili. Baridi ya huku haina huruma, bwana!"

Lakini tusiisingizie baridi peke yake. Watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakaziba dirisha kwa gunia, kisha mtoto akafunikwa gubigubi. Mwambie mama amfunue, utadhani umemtukana.

Kwenye benchi la mwisho ameketi Ngendo, mkazi wa Murera, na binti yake wa miezi saba ndani ya shali tatu na blanketi. Hata pua haionekani.

"Amelia usiku wote," anasema. "Sasa amenyamaza. Mungu ni mwema, amelala."

Jared anausimamisha mtungi ghafla. Julai iliyopita mkewe, Mourine, alimpigia simu kutoka nyumbani kwao Kamakis kumwambia maneno hayo hayo. Saa chache baadaye Jared alisukuma mtungi hadi kitanda cha tatu, akamkuta Mourine hapo na mwana wao, Austine, akipigania pumzi. Austine alipona. Baba mtu hajapona.

"Sista Waruguru!" anaita. "Huyu wa shali, tafadhali, muone sasa."

Muuguzi anafika mbio. "Mama, mfunue."

"Ataingiwa na baridi, sista!" Ngendo anamkumbatia mtoto zaidi.

"Mfunue, mama, ama nimfunue mimi."

Shali zinatolewa moja baada ya nyingine. Kifua cha mtoto kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, na midomo imekuwa ya buluu.

"Woi, Ngai!" Ngendo anapiga kelele, akimwita Mungu.

Mtoto analazwa kitandani, anavishwa barakoa ya hewa. Mtungi wa hapo umekwisha. Jared analeta wake, anashika spana. Nati imekwama.

"Jared!"

"Nakuja, sista, nakuja!"

Anasukuma spana kwa uzito wa mwili wote. Nati inalegea, mpira unaungwa, hewa inafoka kwenye barakoa.

Wanangoja. Ngendo ameuma ncha ya shali. Kisha mtoto analia, kilio cha hasira hasa, na Waruguru anacheka huku machozi yanamtoka.

Kwenye mabenchi, bila kuambiwa na mtu, kina mama wanaanza kuwafunua watoto nyuso.

Jared anajifuta jasho. Kwake jiko sasa hukaa nje, na Mourine hupikia uani amevaa sweta mbili. Ndoto yake ni nini?

"Julai moja tu nisinzie hapa kama Januari," anasema. "Wanifute kwa kukosa kazi. Nitawashukuru."