Pole za Chumba cha Vidonda

Nesi wa chumba cha vidonda ana "pole" moja tu, na ameitumia hadi imechakaa kama tambara la deki. Mikono yake bado inafungua bandeji taratibu, haimuumizi mtu. Ni moyo wake uliokwenda likizo bila ruhusa. Akigonga meza, huipa meza pole. Leo bibi mmoja kaingia akicheka: "Mjukuu wangu, mguu umepona! Nimekuja kukuonyesha tu."

"Pole sana, bibi. Panda kitandani."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nesi akainua macho, akagundua kwamba mguu huu ameuosha miezi minne na sura ya mwenye mguu haijui. Hilo likamtisha.

"Mdogo wangu," akasema nesi mkuu, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, "ugonjwa huu wa kuchoka moyo nimeuugua. Hauponi kwa ushujaa. Vua glavu. Wiki hii hutagusa kidonda, na sasa hivi niambie ni mgonjwa gani hakutoki kichwani."

Nesi akafungua mdomo aseme yu mzima. Badala yake akaketi, akaanza kusimulia habari za mtoto mmoja aliyeunguzwa na uji, na bibi, ambaye hakualikwa na mtu, akafunga mlango akabaki ndani.