Nyumba ya Shangazi Ndani ya Simu

Mwaka juzi nilikuwa nafundisha watoto wa chekechea mjini Kakamega, kama ninavyofundisha hadi leo, na nilikuwa nimepanga vyumba viwili nyuma ya kanisa. Kazi iliisha saa nane. Kufikia saa tisa mvua ilikuwa imeshaanza, maana mji wetu hauna alasiri kavu nyingi, na hapakuwa na pa kwenda. Nilikaa barazani nimejifunga leso magotini, kikombe cha chai chini ya kiti, nikatafuta ploti kwenye simu.

Nilianza kwa sababu ya maana. Nilikuwa na akiba katika chama cha walimu, nikataka kitu cha kuniletea kodi siku nitakapochoka kufundisha: vyumba vichache vya kupangisha, au kipande cha ardhi cha bei ninayoiweza nijenge polepole. Baada ya wiki chache ile sababu ilififia, kukabaki kule kutazama. Nilijiunga na makundi ya kuuza na kununua ardhi, nikafungua kurasa za madalali, na picha zikaja moja baada ya nyingine. Shamba la Musanda lililozungukwa na miwa pande zote kama kisima cha kijani. Nyumba ya Lugari isiyo na madirisha bado, na ndani yake kivuli tu. Ploti tupu yenye mawe manne ya mpaka na mtu asiye na kichwa akinyoosha mkono kuonyesha inapoishia.

Nikiipenda picha, niliingia. Nilipanga viti. Niliamua mlango wa jikoni uelekee wapi, nikapanda maua kando ya njia, nikasikia jirani akinisalimu kutoka upande wa pili wa ua, na nikamwitikia. Mvua ilipokatika nilikuwa nimeshaishi katika nyumba tatu, na ugali haujasongwa.

Nilijifunza pia lugha ya wauzaji. "Dakika tano kutoka kwa lami," waliandika, bila kusema ni dakika za mguu au za gari. Nilikutana na mti mmoja wa mparachichi uliokuwa umesimama katika ploti tatu, za wauzaji watatu, sehemu tatu tofauti. Hapo nikatoa daftari kuukuu la shule nikaanza kuandika: picha ipi nimeiona wapi, nani anauza, na kama anaomba pesa kabla hajakuonyesha shamba. Aliyeomba kabla, nilimkata kwa mstari.

Alasiri moja ikaja picha ya nyumba ya mawe yenye bomba la moshi, na mahindi nyuma yake. Nilianza kuingia kama kawaida. Nilishafika hatua ya kuweka meza karibu na dirisha nilipogundua kwamba meza ilikuwepo tayari, na kwamba niliijua. Ilikuwa nyumba ya shangazi yangu, Chekalini.

Zamani ilikuwa nyumba ya karani katika shamba la mzungu. Ardhi ilipogawanywa, babu yangu alipata eka zake pamoja na hiyo nyumba. Babu naye alipogawa, baba alichukua upande wa mtoni akauuza kabla sijazaliwa, na dada yake, huyo shangazi, akapata upande wa nyumba, hati kwa jina lake. Alifiwa na mumewe mapema, hakujaliwa watoto, akabaki hapo peke yake akilima mahindi. Sisi tulikwenda kila Disemba. Hakuna mahali duniani nilipowahi kulala usingizi mzito kama katika chumba kile chenye bomba la moshi.

Sasa kilikuwa kinauzwa kwenye simu yangu, chini yake nambari ya dalali.

Nilimpigia shangazi. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena jioni, na kesho yake asubuhi, bado. Moyo ukaniambia kuna mtu anaiuza ardhi ya mama mzee bila yeye kujua, kwa maana nilikuwa nimesikia mambo kama hayo. Basi nikampigia dalali, nikajifanya mteja.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, tulivu. "Hiyo bado ipo," akasema. "Njoo Jumamosi. Silipishi mtu kuonyesha."

"Mwenyewe ni nani?"

"Ni mama mmoja mzee. Hana haraka, lakini ameshaamua."

Jumamosi nikamkuta senta ya Chekalini, mama wa makamo aliyevaa gambuti na kushika mwavuli wa wanaume. Tulitembea katikati ya mashamba, mahindi yakiwa marefu kutuzidi, majani yakisuguana juu yetu kama watu wanaonong'onezana kanisani. Njia ile niliijua kuliko yeye, lakini nilimwacha atangulie. Nilijiona kama mtu anayeota kwamba anapelekwa kwao na mgeni.

"Wateja wanaipenda kwenye picha," akasema bila kugeuka. "Wakifika wanasikiliza kidogo, wanasema ni kimya sana."

Shangazi alikuwa uani, ameinama juu ya turubai akichambua maharagwe. Aliinua kichwa akanitazama, kisha akamtazama dalali, na hakushtuka.

"Umekuja na dalali," akasema. "Ungenipigia ningechinja ingokho, kuku mzima."

"Nimepiga siku tatu, shangazi. Simu yako imezimwa."

"Haina moto. Ya kuchajia iliharibika."

Dalali alitugeukia mmoja baada ya mwingine. "Mnajuana?"

"Huyu ni mtoto wa ndugu yangu," shangazi akasema. "Kaeni. Chai iko jikoni."

Yule mama alicheka chinichini, akaketi kwenye ngazi na kuvua gambuti zake. Mimi nilimfuata shangazi jikoni. Nilikuwa nimekuja na maneno makali ya kumwambia mwizi, na sasa mwizi hakuwepo, maneno yamenijaa kinywani.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza.

"Mngefanya nini? Mngekaa kikao." Alimimina chai bila kumwaga tone. "Ninyi mnapapendanga hapa. Mnakuja Disemba, mnapiga picha, mnasema hewa ni safi. Mkienda, mimi ndiye nabaki na hewa."

Akaendelea, akitazama nje kupitia mlango wa jikoni, kwa sauti ya mtu aliyeyapanga maneno yake kwa muda mrefu.

"Nataka mahali penye watu. Nikifungua dirisha, nione mtu anapita ambaye simjui, anakwenda mahali nisipopajua. Hapa najua kila anayepita, na wengi wameacha kupita."

Niliona aibu. Alasiri zile zote barazani, katika kila nyumba niliyoingia kwenye simu, nilikuwa nikitafuta hiyo hiyo ya kwake: kimya chake, chumba chake, mahindi yake. Nilikuwa nimejiwekea uzee wangu ndani ya maisha yaliyomchosha mwenzangu. Nikamwambia kwamba kama ningekuwa na uwezo ningeinunua mimi.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikukuambia. Ungekopa."

Siku hiyo hiyo mchana walifika wateja wengine, mume na mke kutoka Musanda. Walikuwa wakulima wa miwa maisha yao yote, na walikuwa wamechoka nayo. Mume alichukua udongo, akaufinyanga kiganjani, akaunusa. Mke ndiye aliyeeleza.

"Miwa inakaa shambani mpaka mtoto anaingia darasa lingine," akasema. "Ikishaiva, unangoja tena mtu mwingine aseme lini ikatwe. Mahindi ukivuna, unakula."

Shangazi aliwazungusha kila mahali. Aliwaonyesha mlango unaovimba wakati wa mvua na jinsi ya kuuinua kidogo ndipo ufunge. Aliwaonyesha bati linalovuja, ingawa dalali alimkonyeza asiseme. Mwisho akawauliza swali moja tu.

"Mnao watoto?"

"Wanne," mke akajibu.

"Basi patakuwa na kelele," shangazi akasema, na nikaona kwamba kwa upande wake biashara ilikuwa imeisha.

Kwa upande wa sheria ilichukua miezi. Ndugu zangu walinung'unika kwa simu, kisha wakanyamaza, maana hakuna aliyekuwa tayari kwenda kuishi huko. Nilimpeleka shangazi ofisi ya ardhi tukahakikisha hati iko sawa, na siku ya bodi ya ardhi inayoidhinisha mauzo tulikaa kwenye benchi pamoja na wale wa Musanda, tukala mandazi ya mke yule kutoka kwenye kitambaa kimoja. Shangazi alipoulizwa kama anauza kwa hiari yake, alisimama wima kama anajibu maswali ya ubatizo.

Wakati huo alikuwa amehamia kwangu Kakamega. Nilimpa kitanda, mimi nikalala chini kwenye godoro, na kila alasiri tulikaa barazani wawili, mvua mbele yetu, simu katikati. Aliishika mbali, mkono umenyooka, kichwa nyuma. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuzitazama picha zile kwa njia nyingine. Mimi nilitazama nyumba. Yeye alitazama watu waliokuwa nyuma ya nyumba.

"Huyu anauza nini hapo?"

"Sijui, shangazi. Pengine nyanya."

"Na hawa wamesimama wanangoja nini?"

Ploti nzuri zenye miti na utulivu alizipitisha kwa kidole kimoja, kama anafukuza nzi. Nyumba yenye geti refu alisema ni kituo cha polisi. Nilianza kumwona akiingia katika picha kama nilivyokuwa nikiingia mimi: macho yalilegea, mdomo ukafunguka kidogo, na kwa dakika nzima hakuwa nami barazani. Sikumsumbua. Nilijua yuko mahali anapanga viti.

Siku moja nilipita tangazo moja haraka, akanishika mkono.

"Rudisha hapo."

Ilikuwa picha mbaya, imepinda, imepigwa na mtu asiyejua kupiga. Vyumba vinne kwenye mstari mmoja, mabati yenye kutu, ubaraza unaotazama barabara, na upande wa kulia nusu ya ng'ombe. Lubao. Niliwahi kuliona tangazo lile mara mbili na kuliruka. Bei ilikuwa ya chini kiasi cha kunitia shaka.

"Ng'ombe wa nani huyu?" shangazi akauliza.

"Huko kuna soko la mifugo. Siku ya soko wanapita wengi."

"Wanapita mbele ya mlango?"

"Inaonekana hivyo."

"Mpigie mwenyewe," akasema.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja mpole aliyestaafu, hakutumia dalali, na picha alikuwa ameipiga mwenyewe. Bei ilikuwa ya chini kwa sababu alitaka kwenda kuishi na binti yake, na kwa sababu wateja waliokuja hawakupenda harufu ya mifugo. Tulikwenda siku ya soko makusudi. Mimi nilikagua kuta, paa, choo, nikazungumza na wapangaji waliokuwa katika vyumba viwili. Jiwe moja la mpaka lilikuwa limepotea, nikamwambia mzee tutamleta mpima kwanza, akakubali. Nilipomaliza nilimtafuta shangazi. Alikuwa ameketi kwenye ubaraza, mkoba mapajani, na mbele yake watu wakipita na kamba, na fimbo, na mabeseni, na madume makubwa yaliyofungwa pembe. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Hakuniona nilipomkaribia, na nilisimama kando kwa muda, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama bahari, mahali ambapo hajawahi kufika.

Mpima alikuja, jiwe likawekwa, na tukanunua pamoja. Akiba yangu haikutosha peke yake, pesa alizopata Chekalini vilevile, kwa hiyo hati ina majina yetu mawili. Yeye alichukua chumba cha mbele. Vingine vitatu tunapangisha, na kodi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta nilipoanza.

Siku ya kuhamisha vyombo vyake vilivyobaki Chekalini nilikwenda naye kumsaidia kupakia. Yeye alikuwa nje akimfundisha yule mama wa Musanda kuufunga mlango. Nilijipa nafasi ya kuingia peke yangu katika chumba cha bomba la moshi. Kilikuwa kitupu, na kidogo kuliko nilivyokibeba kichwani. Nilidhani nitalia. Nilisimama nikisikiliza mahindi nje, na watoto wanne wakikimbizana kuizunguka nyumba, wakipita dirishani kila baada ya muda, na tayari ilikuwa nyumba ya watu wengine. Nikatoka nikaenda kushika upande wangu wa kabati.

Sasa ninakwenda Lubao kila mwisho wa mwezi. Shangazi anajua madalali wa ng'ombe kwa sauti zao, anajua nani amemdanganya nani, na anakunywa chai na wapangaji hadi wanachelewa kazini. Mwezi uliopita nilimkosa. Nilikaa kwenye ubaraza nikingoja karibu saa nzima, nikamwona akija polepole kutoka upande wa soko, leso imelegea, akimvuta mbuzi mweupe kwa kamba.

"Mbuzi wa nini, shangazi?"

Alimfunga kwenye nguzo, akamtazama, akatafuta sababu, akaikosa.

"Nimemwona tu," akasema, akaingia kuweka chai.