Kopo la Mafuta Chumbani kwa Mama

Baba yangu hutengeneza cherehani zilizoharibika, na ukweli usemwe, ni mbishi. Mtaani wanamwita Tone Moja. Mlango ukilia, kufuli likigoma, mkasi wa jirani ukikaza, yeye huchomoa kopo lake dogo la mafuta lenye mdomo mrefu na kusema, "Tone moja tu." Kwa miaka arobaini dawa hiyo haijamwangusha.

Mapafu ya mama yalipochoka, tukaletewa mtungi wa oksijeni nyumbani. Nesi alitueleza taratibu, kama anaongea na watoto: hewa ile haiwaki yenyewe, lakini moto ukiipata haushikiki. Sigara, mshumaa, jiko, vyote nje. Na mafuta au grisi visiguse koki ya mtungi, maana vinaweza kulipuka hata bila kiberiti.

Baba alishika nusu ya kwanza, na aliishika kweli. Jiko alilihamishia uani mwenyewe. Shemeji yangu alitimuliwa kwa sababu ya kiberiti kilichokuwa mfukoni tu. Kila mara anachungulia chumbani, ananusa, anauliza, "Hakuna kinachoungua?" Nami huko kazini roho ilikuwa juu juu kila simu ikilia.

Jumanne mchana nilirudi mapema. Mtungi uliokuwa ukitumika ulikuwa umeisha. Baba alishaunganisha mpya, ila koki ilikataa kufunguka. Nilimkuta ameinama, kopo mkononi, mdomo wa kopo umebakiza upana wa kidole kuigusa koki.

"Baba! Acha!"

Nilimpokonya kopo nikalitupa nje dirishani.

"Una wazimu? Mama yako anakosa hewa! Koki imekaza!"

"Hayo mafuta yatatulipua sote! Nesi si alisema?"

"Alisema moto. Haya ni mafuta ya cherehani."

Nilijaribu mwenyewe, haikutikisika. Mwenye nguvu ni yeye, na vidole vyake vilikuwa vinang'aa mafuta. Nikamsukuma hadi kwenye beseni. Akasugua kwa sabuni, nikamkagua kucha, nikamrudisha asugue tena, huku namsikia mama chumbani akivuta pumzi fupi fupi. Nisiseme uongo, dakika ile nilimchukia. Alipojikausha vizuri akaishika koki, akajikaza, ikaachia polepole. Hewa ikaanza kupita.

Kufika jioni, rangi ilikuwa imerudi midomoni mwa mama. Baba alisimama mlangoni, haingii, mikono kaificha kwapani.

"Mke wangu, sikujua," alisema. "Nilidhani nakusaidia."

"Nilikuona ulivyolichukua lile kopo." Mama alipumzika kidogo kabla ya kuendelea. "Na maneno ya nesi nilikuwa nayakumbuka yote."

"Sasa mbona hukunizuia?"

"Kwa pumzi ipi?"