Kusoma kwa Makalio

Baba yangu alipima elimu kwa makalio. Jioni, akirudi kutoka ofisini kwake kule mpakani Kavimvira alikogonga mihuri, hakuniuliza nimejifunza nini. Alichungulia tu sebuleni. Akinikuta mimi binti yake nimekaa mezani, kitabu wazi mbele yangu, aliridhika kama mtu aliyekuta mbuzi wake bado yuko kwenye kamba. Mama akitaka nimsaidie kuchambua ndagala, dagaa wa ziwani, baba alimzuia kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa ndani ya nyumba.

"Muache. Iko nasoma."

Sikuwa nasoma. Nilikuwa natazama karatasi. Ulikuwa mwaka wangu wa sita wa sekondari, sehemu ya biolojia na kemia, mwaka unaoishia kwenye mtihani wa taifa, ule tunaouita egzeta, ambao hapa Uvira, mashariki ya Kongo, unaogopwa kuliko kipindupindu. Niliweza kushinda na ukurasa mmoja mchana mzima. Nilipiga mstari chini ya sentensi moja kwa kalamu ya bic nyekundu, nyingine kwa ya bluu, mpaka ukurasa ukafanana na kitenge, nami nikauonea fahari. Ungeniuliza umeandikwa nini, ningekuonyesha rangi.

Shuleni hali haikuwa tofauti. Profesa wetu wa biolojia, ndivyo tunavyowaita walimu wa sekondari, alikuwa mtu mpole mwenye kozi iliyoandikwa kwenye karatasi zilizogeuka njano, na kazi yake yote ilikuwa kutusomea karatasi hizo kwa Kifaransa, pamoja na koma na nukta zake. Sisi tuliandika. Siku ya mtihani tulimrudishia maneno yake yale yale, naye akayapokea kama mtu anayerudishiwa sahani aliyoazimisha, akiikagua isije ikawa na ufa. Ukibadilisha neno moja, alikata pointi. Siku moja msichana mmoja wa darasani aliinua mkono akauliza maana ya osmosi.

"Maana iko ndani ya kozi," profesa alijibu, akaendelea kusoma.

Msichana huyo alikuwa mtoto wa wakulima wa Nyakabere, kule kwenye uwanda wa Ruzizi. Alilala kwa shangazi yake Kavimvira siku za masomo, na Ijumaa alipanda nyuma ya pikipiki kurudi kwao kulima mihogo. Viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko vya wavulana wetu. Darasa lilimcheka kwa swali lake. Mimi pia nilicheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka.

Kisha akaja mtaalamu. Matangazo yalibandikwa kwenye kuta kuanzia Mulongwe hadi Kalundu: mtu aliyesoma siri za ubongo atafundisha wanafunzi wa mwaka wa sita namna ya kusoma na kufaulu, wazazi mnakaribishwa. Baba alivaa shati lake la harusi. Tulikaa kwenye benchi la mbele katika ukumbi wa kanisa uliojaa mpaka madirishani, na nilipogeuka nikamwona yule msichana wa Nyakabere amekaa pembeni yangu, peke yake, bila mzazi.

Mtaalamu aliingia na suti nzito ya kijivu katika joto lile la saa nane mchana. Alikuwa na kipaza sauti, ingawa ukumbi haukukihitaji.

"Wazazi wapendwa!" alipaza. "Ubongo wa mutoto iko kama bidon ya maji! Ukimimina mubaya, inamwangika! Ukimimina muzuri, inajaa!"

Wazazi walipiga makofi. Baba alipiga makofi mpaka saa yake ikateleza mkononi. Mtaalamu akatutangazia kanuni zake saba za kumbukumbu. Ya kwanza, kuamka kabla ya jogoo. Ya pili, kusoma kwa sauti, umesimama. Ya tatu, kutumbukiza miguu katika beseni la maji baridi ili damu ipande kichwani. Watu walitikisa vichwa kwa mshangao, jinsi sayansi ilivyo kubwa.

"Na kanuni ya ine," alisema, akanyamaza. Akatazama dari. "Ya ine…" Akafuta jasho, akakohoa kwenye kipaza sauti mpaka kikapiga kelele. Mwishoni akatia mkono ndani ya koti, akatoa kikaratasi, akakisoma, akakirudisha. "Kanuni ya ine: kushika kila kitu na kichwa, bila kutazama karatasi!"

Ukumbi ukapiga makofi tena. Watu mia na kitu, wenye akili timamu, wengine wana vyeo, walimpigia makofi mwalimu wa kumbukumbu aliyesahau mafundisho yake mwenyewe. Mtu mmoja tu ndiye aliyecheka. Yule msichana aliziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtetemeka, na machozi yakamtoka. Baba alimtupia jicho kali. Nami nilisikia kitu kinanitekenya kifuani, nikajikaza.

Kesho yake baba alinunua beseni.

Sitaki kueleza sana zile wiki zilizofuata. Nilisimama sebuleni, miguu ndani ya maji, nikitamka Kifaransa kwa sauti kama redio, na wadogo zangu walikuja kuchungulia vidole vyangu vilivyokunjamana. Nililala na kozi ya kemia chini ya mto, kanuni ya sita. Nilipata mafua. Mitihani ya muhula ilipofika, kila kozi ilinikaa kichwani kama wimbo: nikiupata mstari wa kwanza, mingine inafuata yenyewe, nikiukosa, kimya. Fizikia sikuupata mstari wa kwanza. Kemia niliupata, lakini ulikuwa wa sura nyingine. Bilten yangu, karatasi ya alama, ilipotoka, prefe, yaani mkuu wa shule, alimwita baba.

Baba hakulilaumu beseni. "Tutaongeza masaa," alisema njiani, kwa uso wa mtu anayeongeza dawa kwa mgonjwa anayekufa kwa dawa hiyo hiyo.

Msichana wa Nyakabere alikuwa wa pili darasani. Wenzetu walikuwa na maelezo tayari: iko na dawa, bibi yake alimchanja. Kwa watu waliokuwa wanalala na vitabu chini ya mito, kusema mwenzao anatumia uchawi kulihitaji ujasiri mkubwa. Nilimfuata baada ya masomo, nikamkuta anafunga kamba ya kiatu.

"Unasoma masaa ngapi?" nilimuuliza.

"Masaa? Minye sina masaa. Shangazi iko na watoto watano." Alinyoosha mkono. "Leta kozi yako ya biolojia."

Nilimpa. Akaifungua, akatazama ile michoro yangu ya rangi kwa heshima ya uongo, kisha akaifunga na kuikalia.

"Haya. Osmosi ni nini?"

Nikaanza kwa Kifaransa, kwa sauti ile ile ya profesa. Akaniachia mpaka nukta.

"Sasa sema mu Kiswahili."

Nilijaribu kutafsiri neno la kwanza, nikagundua silijui, wala la pili. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba mzigo wa mtu mwingine bila kufungua gunia kuona kuna nini.

"Weye haukusoma," alisema, bila dharau, jambo lililonichoma zaidi. "Uliimba."

Tukaanza kusoma pamoja alasiri, juu ya mawe ya ufukoni mwa ziwa, upande wa Kalundu, kabla hajaenda kuwapikia watoto wa shangazi. Hakukuwa na siri. Tulisoma kipande kifupi mara moja, tukafunga kitabu, kisha kila mmoja akamweleza mwenzake kwa Kiswahili chetu cha kila siku, bila kutazama. Palipokwama ndipo tulipofungua, hapo tu. Baada ya siku kadhaa tulirudia kipande kile kile, wakati tumeanza kukisahau, na kile kidogo tulichokikumbuka kwa shida kilikaa kuliko mistari yangu yote ya rangi. Hesabu na fizikia tulizichanganya kama maharage na mahindi, tusijue swali linalofuata ni la sura gani, kwa sababu egzeta haikuambii sura. Kifaransa tulikiweka mwisho, kama mtu anayevaa koti baada ya kuoga.

Osmosi niliielewa siku mama mmoja alipokuwa anaweka chumvi kwenye samaki karibu nasi, na maji yakaanza kutoka ndani ya nyama yenyewe. Mwenzangu alinionyesha kwa kidevu. Nilipiga kelele mpaka yule mama akauliza kama nimeumwa na kitu.

Ilikuwa raha, na ndiyo iliyotuponza. Mtu anayesoma kwa raha haonekani anasoma. Jirani alimwambia baba kwamba binti yake anashinda ziwani anapiga stori, na alasiri moja baba akatokea kwa pikipiki, bado amevaa sare yake ya kazi. Alitukuta tunabishana kuhusu asidi, tunacheka, vitabu vimefungwa.

"Ndiyo masomo hii?" alisema. "Egzeta iko karibu, munyi muko nacheza?"

"Papa, tuko nasoma," mwenzangu alijibu, akasimama kwa adabu.

"Na kitabu yenye kufungwa?" Akamgeukia. "Weye njo ulicheka pale kwa kanisa. Niliona. Unakuja kuniharibia mutoto."

"Basi tuulize, papa. Kitabu iko apa."

Baba alikuwa mtu wa kupenda mitihani, ya wengine. Alikaa juu ya jiwe, akavaa miwani, akafungua kozi katikati, akasoma swali la biolojia kwa Kifaransa cha ofisini, polepole. Mwenzangu akajibu. Alijibu vizuri, kwa Kifaransa pia, lakini kwa maneno yake, kwa mifano yake. Baba alifuata kwa kidole kwenye ukurasa, akazidi kukunja uso.

"Hapana. Haiko vile wameandika."

"Lakini maana iko ile ile, papa."

"Apa wameandika 'donc'. Weye umesema 'alors'."

Nilimtazama baba yangu, mtu mzima mwenye mhuri wake mwenyewe, akihesabu makosa ya maneno ambayo yeye pia hakuyaelewa, na nikajikuta simwogopi tena. Nilimhurumia kidogo, na kumdharau kidogo zaidi. Nikamwambia: "Baba, niulize minye osmosi. Nitakuelezea na Kiswahili."

Nikamweleza. Nilimwonyesha samaki wa yule mama waliokuwa wamelala kwenye chumvi, maji yakichuruzika. Nikamweleza kwamba maji hukimbilia upande wenye chumvi nyingi, kwamba ngozi ya samaki inayapitisha maji lakini chumvi inapita kwa shida, kwamba mizizi ya mihogo kule Nyakabere hunywa kwa njia hiyo hiyo. Baba alisikiliza. Alivua miwani. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza katika miaka yote ile kuelewa kitu ambacho alikuwa akinisomesha.

"Njo hivi tu?" aliuliza.

"Njo hivi tu."

Alikasirika kabisa. "Sasa juu ya nini wanawaandikia maneno murefu vile?"

Aliinuka, akajipangusa mchanga, akasema tusichelewe kurudi. Kusema kwamba amekosea hakusema, wala hakusema kamwe. Lakini beseni lilihamia jikoni, mama akaanza kuoshea humo sombe, majani ya mihogo ya kupika.

Egzeta ilifika, tukaifanya. Maswali hayakufanana na kozi, kama kawaida, na katika uwanja wa shule wenzetu walisimama wakilia kwamba serikali imewadanganya. Mimi pia kuna nilipokwama, hasa fizikia, lakini sikuwa tena nikisubiri mstari wa kwanza wa wimbo. Nilikuwa nafikiri, polepole, kwa Kiswahili, halafu naandika.

Siku ya matokeo, yaliyokuja kwa simu, Uvira ilipagawa. Waliofaulu walimwagiana poda nyeupe vichwani, pikipiki zikapiga honi kutoka daraja la Mulongwe hadi bandarini, na vijana walioshindwa kueleza hata jina la kozi zao walibebwa mabegani kama mashujaa. Profesa wetu wa biolojia alipokea pongezi barabarani, akisema ni matunda ya kufuata kozi neno kwa neno. Nilikuwa nimefaulu, si kwa pointi nyingi. Mwenzangu alikuwa amefaulu kuliko sisi wote, lakini alikuwa kwao, ambako mtandao huja na kuondoka, na nilijua hajui.

Nilipanda pikipiki mpaka Nyakabere, poda bado kichwani. Nilimkuta shambani na mama yake, wanang'oa mihogo. Nilimpigia kelele kutoka njiani, jina lake na pointi zake. Mama yake aliacha jembe, akaimba, akanikumbatia na udongo wake wote, akaenda mbio kuwaita majirani.

Mwenzangu alitabasamu, akakaa juu ya lundo la mihogo, akafuta mikono kwenye pagne aliyojifunga kiunoni.

"Ile swali ya fizike," alisema, "ile ya gari juu ya mulima. Weye ulijibu nini?"

Nilimwambia. Akatikisa kichwa, akachukua kijiti, akachora mlima kwenye udongo, na gari juu yake. Nilimwambia amekosea. Akaniambia mimi ndiye niliyekosea. Majirani walipofika na vigelegele walitukuta tumeinama chini, tunabishana, na mzee mmoja akamuuliza mama wa mwenzangu kama mtoto amefaulu kweli.