Kisichoguswa Hakiandikwi

Kijiji kizima kilimcheka Bibi Karatasi kwa ajili ya jogoo. Yeye na mumewe walikuwa wageni wa mwezi mmoja tu, wastaafu wawili kutoka ng'ambo, na walikuwa wamejiapiza kuijua lugha kabla mvua hazijaanza. Basi bibi akachemsha gundi ya unga kwenye kopo, akakata vipande vya karatasi, akabandika jina juu ya kila kitu nyumbani: meza, kiti, dirisha, sufuria. Vya ndani vilipomwishia akatoka nje, akamvizia jogoo, akambandika mgongoni "kuku". Jogoo akazunguka vichochoro siku mbili nzima akijitambulisha, kama vile kuna aliyewahi kumdhania ng'ombe. Jina la utani likamganda bibi tangu hapo.

Mumewe naye hakusalimika. Alijenga madaraja miaka thelathini na nne, na hakuweza kupita karibu na ukuta wa mtu bila kufumba jicho moja kuutazama kama umesimama wima. Wakamwita Mzee Timazi. Ndiye aliyeweka sheria ya karatasi, maana mtu yule bila sheria chakula hakimshuki: kabla hujabandika jina, sharti ukiguse kitu kwa mkono na ukitaje mara tatu. Kisichoguswa hakiandikwi. Hata bibi alipotaka kubandika "upepo" dirishani, mzee alikataa, wakanuniana mpaka chakula cha mchana.

Lugha wakaipata. Mwaka wa tatu walikuwa wanagombana kwayo, na mtu akishaweza kugombana kwa lugha, basi kaishika. Mzee akalowanisha karatasi kwa maji ya vuguvugu akazibandua zote. Wakaishi vizuri: chai asubuhi barazani, bibi kwenye bustani yake ya bilinganya, mzee na redio yake, na kila Jumapili simu ya binti yao kutoka huko walikotoka.

Mwaka wa nane kijiko kikampotea bibi. Hakikupotea kijiko, lilipotea jina lake. "Nipe kile cha kukorogea," akasema, na mzee akamwona uso ulivyomsawijika. Wiki hiyohiyo bibi mwenyewe akalitafuta kopo la gundi. Wakaanza upya, chumba kwa chumba, wakigusa na kutaja kama watoto wa darasa la kwanza. Mzee alikuwa akitaja kwa sauti ya kuchangamka na roho inamuuma.

Binti alipopata habari hakuzunguka. "Baba, siku mama atakaposhindwa kukujua wewe ni nani, nakuja kumchukua. Kuna nyumba nzuri za kutunzia wazee huku." Mzee na mkewe walikuwa wameahidiana kwamba hakuna atakayempeleka mwenzake popote. Basi kila asubuhi, chai ikishamiminwa, akawa anauliza: "Mimi nani?"

"Mume wangu," bibi alikuwa akijibu. "Na vifungo vya shati umevifunga upande."

Vifungo mzee alivifunga upande makusudi, ili mkewe apate pa kuanzia. Hilo hakumwambia mtu.

Sasa sikia. Mwisho wa korido yao palikuwa na ukuta mtupu, umepigwa lipu na kupakwa rangi nyeupe. Asubuhi moja mzee akakuta karatasi pale, mwandiko wa mkewe bila shaka: "mlango". Akaibandua. Kesho yake ikawa imerudi, na chini yake, karibu kabisa na sakafu, "kizingiti". Siku ya tatu, upande wa kushoto, chini sana, mahali ambapo mkono wa mtu mfupi ungefika: "komeo".

"Mama, hapa hakuna mlango," mzee akasema kwa upole. Alizoea kumwita hivyo tangu binti yao azaliwe. "Na sheria unaijua."

"Nimeugusa," bibi akasema. "Nikautaja mara tatu. Akaitikia."

"Nani?"

"Anayebisha."

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kuweka mikono. Mkewe alipoingia bustanini, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama alivyogonga nguzo za madaraja yake. Kushoto, kumejaa. Kulia, kumejaa. Kwenye karatasi, sauti ikabadilika. Akaondoa mkono upesi.

Mama Pacha, jirani aliyekuja kuwasaidia kupika na kufua, hakungoja kuulizwa. "Babu, pale mwisho wa korido mimi sifagii tena."

"Kuna nini?"

"Naweka kiti kinatazama huku. Nikirudi na ufagio kimegeukia ukuta. Na bibi yuko bustanini, namwona kwa dirisha."

"Panya hao, Mama Pacha."

"Panya wa kugeuza kiti, babu, huyo ni wa kuamkiwa shikamoo."

Kiti chenyewe siku ile kilikuwa kimebandikwa "chake". Mzee alikiangalia kwa muda, kisha akakipisha, akapita ukutani kwa ubavu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Maana wiki hiyo bibi alitoroka. Alikutwa njia ya mashambani amekaa, viatu mkononi, anangoja mtu ambaye hakuweza kumtaja. Mzee akaanza kufunga mlango wa mbele kwa ufunguo na kuutia mfukoni, na hiyo ikaonekana haitoshi, akaagiza grili ya chuma. Hakuwa mkatili, tusimwonee. Aliogopa tu, na mtu wa madaraja akiogopa hujenga.

Grili ikaletwa asubuhi, na fundi mwashi akaja kuipachika, mwanamume wa makamo mwenye saruji hadi kwenye nyusi. Akaomba maji ya kuchanganyia, akaelekezwa jikoni, akapita korido. Mzee akasikia mwiko ukianguka sakafuni.

"Nani amekwambieni?" fundi akauliza. Alikuwa anatazama ule ukuta.

"Kutwambia nini?"

"Mzee, huu mlango niliuziba mimi, kwa mikono yangu. Ninyi mlikuwa hamjaja bado." Akainama, akaonyesha karatasi ya komeo bila kuigusa. "Na komeo lilikuwa hapahapa. Alilishusha chini marehemu mwenye nyumba, kwa sababu mkewe alikuwa mfupi."

"Kwa nini ulizibwa?"

Fundi akajifuta uso. "Mkewe alikuwa ameanza kusahau. Anatoka, anapotea. Mume akasema ziba, huyu atanifia njiani. Nikaziba. Nilipokuwa napiga lipu upande wa nje, yeye alikuwa ndani anabisha. Hakulia, alibisha tu, kistaarabu, kama mgeni. Mume akasema atazoea." Akaokota mwiko wake. "Aliwekewa kiti hapa. Hakumaliza mwaka."

Mzee alirudi barazani. Bibi alikuwa ameketi na chai yake, na grili imeegemezwa ukutani nyuma yake. Mzee akasema lile alilozoea.

"Mimi nani?"

Bibi akamtazama. Akatazama vifungo vilivyokaa upande, akavipita. Kisha bibi akatoa kipande cha karatasi kwenye mfuko wa gauni, akaandika taratibu, akakipaka gundi kwa kidole. Akainuka, akaweka kiganja kifuani pa mumewe.

"Ukuta," akasema. "Ukuta. Ukuta." Akabandika.

Sheria ilikuwa imefuatwa, na mwenye sheria alikuwa mzee mwenyewe. Mzee alisimama na ile karatasi kifuani, akalia mbele ya fundi na mbele ya Mama Pacha, na hakuona haya. Alipomaliza akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akauweka mezani.

"Fundi, grili irudishe ilikotoka," akasema. "Lete nyundo na patasi."

Tofali zilitoka kwa urahisi, kama zilikuwa zimechoka kukaa pale. Upande wa pili palikuwa na kizingiti cha jiwe, kimelika katikati kwa miguu ya watu, na kijia cha kushuka bustanini kilichoota nyasi. Bibi akatoka bila kupapasa. Akajua pa kukanyaga. Akaketi mwisho mmoja wa kizingiti, akamwonyesha mumewe aketi mwisho wa pili, na katikati pakabaki nafasi ya mtu mmoja, mwembamba. Pale bibi akatandika mtandio wake.

Walikaa hivyo kila siku tangu siku ile. Mzee alikoma kufunga milango, akawa anamfuata mkewe kila alikokwenda, fimbo mkononi, magoti yakimlaumu. Mama Pacha alirudi kufagia korido. Kiti hakikugeuka tena, maana hapakuwa na mtu wa kukikalia.

Jumapili simu ikalia wakiwa pale kizingitini. "Mpe mama," binti akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. Mzee akaishika simu sikioni kwa mkewe.

"Mama, hapo uko na nani?"

Bibi akageuza kichwa. "Na mume wangu," akasema. "Vifungo amefunga upande, kama kawaida yake." Kisha akatazama katikati, pale kwenye mtandio, akatabasamu. "Na mwenzangu huyu. Alikuwa anabisha muda mrefu, maskini."

Mzee akairudisha simu sikioni mwake upesi.

"Mwenzake nani, baba?" binti akauliza.

Mtu yule katika miaka thelathini na nne ya madaraja hakuwahi kuandika kipimo cha uongo. Akatazama mtandio. Ulikuwa umebonyea katikati.

"Jirani," akasema. "Mama mmoja wa hapahapa."

"Afadhali," binti akasema, akashusha pumzi. "Nilikuwa naogopa mko peke yenu. Mwambie nashukuru."

Mzee akaiweka simu chini, akasogea kidogo pembeni ili wasibanane, kisha akageuka kufikisha salamu.