Mchimba makaburi wa baridi mbili

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya makaburi. Mchimba makaburi anavua shati na kulitundika kwenye kichaka. Wenzake wawili wamejifunga masweta hadi kidevuni.

"Jamani, hii nayo mnaiita baridi?" anawauliza, kisha anashusha sururu. Udongo unakubali mara moja.

"Wewe umezoea friji, Mzee Theluji," anajibu mmoja. Wanacheka, lakini kidogo tu. Marehemu ni jirani yao, na atazikwa leo hii alasiri.

Jina hilo la utani alirudi nalo kutoka ng'ambo, alikofanya kazi hii hii kwa miaka kumi na saba. Huku kwao kipupwe ni umande, mafua na kikombe cha pili cha chai. Kule, anasimulia, baridi ilizama ardhini, udongo ukawa jiwe.

"Ukipiga sururu, cheche zinaruka. Mikono inauma mpaka mabegani."

Baridi ilipozidi, uchimbaji ulisimamishwa. Maiti walihifadhiwa kwenye chumba cha ubaridi, wakingoja ardhi ilegee.

Mkewe, aliyekuwa akifanya usafi hospitalini, hakupenda kabisa habari hiyo. "Baridi imenitesa nikiwa hai," alimwambia mumewe. "Nikifa, usiniache nikangoja humo."

Akafa kwa maradhi ya moyo, theluji ikiwa magotini.

Msimamizi wa makaburi alimpa pole, lakini akasema utaratibu ni utaratibu. "Sikugombana naye," anasema mzee. "Nilimwambia, bosi, niko likizo ya msiba. Nitachimba mwenyewe."

Alitandaza makaa ya moto pale pa kuchimba kaburi, akayafunika kwa mabati. Udongo ulipolegea kiasi cha kiganja, aliutoa, akakoka moto tena. Kesho yake vidole vilikuwa vimevimba, hata kijiko hakishikiki. Alipoinua macho, alimwona msimamizi amesimama na sururu.

"Alishuka tu shimoni. Huko chini kabisa baridi haifiki, bwana. Nilipougusa ule udongo, laini, una uvuguvugu, ndipo nilipolia."

Baadaye alirudi nyumbani kumuuguza mama yake. Bibi kizee alifariki kipupwe kilichopita, na mwanawe ndiye aliyechimba. Kabla ya adhuhuri kaburi lilikuwa tayari.

"Watu walinisifu kwa wepesi. Mimi moyoni niliumia. Kule nilipata muda wa kuagana na mke wangu. Huku nilishtukia nimemaliza."

Sasa binti yake, anayeishi kule na familia yake, amemwita. Mwezi ujao anasafiri, maana huku kukiwa kipupwe, kule ni kiangazi. Jiwe la kaburi la mkewe limeinama kwa sababu ya ardhi kuganda na kuyeyuka, naye anataka kulinyoosha kabla baridi haijarudi. Hana mpango wa kurejea.

"Kwa hiyo utazikwa huko huko?" anauliza mwenzake, akiegemea koleo.

"Nitalala ubavuni kwa mama watoto," anajibu. "Ila namwomba Mungu anichukue wakati wa kiangazi, nisije nikamtesa mtu."