Maboksi ya Mama Sponji

Mtaa mzima ulimwita Mama Sponji, na wapo waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi. Ukimpelekea kochi lililobonyea hadi ukikaa magoti yanakugonga kidevu, alilivua nguo, akalikaza mifupa, akalijaza sponji mpya na kulivisha kitambaa cha kupendeza. Siku ya kulichukua ulisimama mlangoni ukishangaa, unauliza, "Sasa langu liko wapi?"

Alikuwa na kasoro moja, kama hiyo nayo ni kasoro: hakuweza kuona kitu kimefungwa bila kutaka kujua ndani kuna nini. Siku ya harusi yake mwenyewe, alipotafutwa apigwe picha, alikutwa amepiga magoti nyuma ya kiti cha bibi harusi, shela imemfunika hadi mabegani, anakagua springi kwa chini. Bwana harusi alipoulizwa kama bado anamtaka, alijibu kwamba sasa ndiyo anamtaka zaidi.

Bwana huyo alikuwa kinyozi. Saluni yake na karakana ya mkewe zilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, kiasi kwamba mashine ya kunyolea ikinguruma huku, nyundo ikagonga kule, mteja mgeni hakujua amekuja kunyolewa au kukarabatiwa. Na katika saluni hiyo, kitu kilichopendwa kuliko vyote, pengine kuliko hata wateja, kilikuwa sabufa.

Kinyozi alikuwa mtu wa vitu vinavyowaka taa. Sabufa yake ilikuwa boksi jeusi linalong'aa, lina taa za buluu na nyekundu zinazokimbizana, na juu ya kioo vilining'inia vispika vyake viwili vidogo kama viota vya ndege. Muziki wowote uliouweka, iwe ni wa mapenzi au wa kuabudu, ulitoka dumu-dumu-dumu, na maneno uyatafute mwenyewe. Nywele zilizokatwa zilirukaruka sakafuni. Mteja akikohoa, hakuna aliyejua ni yeye au ni sabufa.

Aliyekuwa anajua ni mama mkwe, mama yake kinyozi. Bibi huyo alikuwa akiishi na wanawe hao tangu mumewe alipofariki, na kila asubuhi alijikongoja hadi karakana, akachagua kochi lililokamilika na kukaa, akisema analijaribu. Marehemu mumewe alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya dansi, kwa hiyo yeye katika mambo ya muziki hakudanganyika.

"Mwanangu," alimwambia Mama Sponji, "hiyo redio ya mume wako ina kifua. Ipelekeni hospitali."

"Mama, hiyo ndiyo besi ya siku hizi," kinyozi alijitetea kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Besi? Baba yako angesikia hiyo besi angerudi kukuchapa."

Basi ikanyesha mvua moja ya usiku, mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Saluni ilikuwa imefungwa na umeme umezimwa, lakini bati lilikuwa na tundu, na maji yalishuka moja kwa moja hadi kwenye kona ya sabufa. Asubuhi kinyozi alipofungua mlango, lile boksi linalong'aa lilikuwa limefura kama mkate uliodumbukizwa kwenye chai. Aliligusa kidogo tu, ubavu mmoja ukamwagika sakafuni. Kumbe muda wote huo haukuwa ubao. Ulikuwa maranda yaliyogandishwa kwa gundi na kuvishwa karatasi nyeusi.

Aliingia karakana mikono kichwani. "Mke wangu, nimefiwa."

"Pole, mfiwa. Maiti iko wapi?"

Mama Sponji alikuwa ameshashika bisibisi. Alichuchumaa, akafungua bati la nyuma, akachungulia ndani, kisha akacheka hadi akakaa chini. Mle ndani mlikuwa na uwazi mtupu! Chini kulikuwa na spika moja yenye karatasi iliyochanika na sumaku ya ukubwa wa kifuniko cha chupa, basi. Hapakuwa na hata kipande cha sponji.

"Wamesema debe tupu haliachi kuvuma," akasema, "sikujua kuna watu wanaliuza limepakwa rangi. Hata mto wa kitanda cha mtoto umeshiba kuliko hili!"

Lakini juu, kwenye lile bati la nyuma ambako maji hayakufika, transfoma ilikuwa imekaa salama, na pembeni yake kibao cha kijani kilichojaa vitu vidogo vidogo kama mbegu za papai, kile ambacho mafundi redio hukiita bodi. Alivifungua taratibu pamoja na vitufe na taa zake, akavitia katika beseni, akavuka barabara hadi kwa fundi redio.

Fundi redio alikuwa mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alivipuliza, akavikausha, akavipima huku akiguna, kisha akawasha. Taa za buluu na nyekundu zikaanza kukimbizana mezani.

"Mzima huyu," alisema. "Kilichokufa ni jeneza lake tu."

"Hizi njia tatu za waya zinaenda wapi?"

"Hii nene ni ya spika kubwa. Imechujwa, inapitisha sauti nzito peke yake, ndiyo maana mlikuwa mnasikia dumu-dumu. Hizi mbili, za kulia na kushoto, ndizo zina wimbo mzima. Na nguvu zinazo, si haba. Shida ni kwamba zilipelekwa kwenye vispika vya mwanasesere."

"Yaani ni injini nzima ndani ya gari bovu."

"Umenena."

Hapo Mama Sponji akapata wazo. Alikumbuka ile redio ya zamani ya kabati aliyoletewa na mteja aigeuze kuwa kabati la viatu. Spika zake mbili, pana kama sahani za wageni, hakuwa na moyo wa kuzitupa. Alizifunga kwenye blanketi na kuziweka juu ya rafu. Alizileta siku hiyo hiyo. Fundi redio alizipima, akasema bodi itazimudu bila kuchoka.

"Ila tuelewane, mama," alisema akiinua kidole. "Waya zinazoenda ukutani niachie mimi. Nina kochi kwako, sitaki kulivisha mwenyewe."

Kazi ikaanza. Mbao zilitoka kwenye kabati la nguo la zamani, nzito, za kweli, unazigonga zinajibu kama mtu mzima. Mama Sponji alitengeneza maboksi mawili, akayakaza pembe kwa vipande vya mbao na gundi, akaziba kila mwanya, kisha akayavika ndani mabaki ya sponji na pamba kuukuu. Mbele akayafunika kitambaa chepesi cha pazia, kinachopitisha pumzi. Transfoma na bodi akavijengea kisanduku chao peke yao, chenye matundu, kwa sababu fundi redio alimwonya kwamba kile kipande cha alumini chenye meno kama kitana hupata moto, na kikikosa hewa bodi itaungua.

Kinyozi alikuwa haishi kuchungulia, mashine mkononi. "Mke wangu, na taa zangu?"

"Taa zako zipo."

"Zote? Hata ile ya buluu?"

Kabla hajajibiwa, sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta: "Kinyozi! Ama unimalizie, ama unirudishie zile ulizokata!"

Siku ya kujaribu, kazi zote zilisimama. Fundi redio alikuja kuunga waya za ukutani. Mama mkwe aliwekwa katikati ya saluni kwenye kiti kizuri, maboksi mawili mbele yake. Hata mteja mmoja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja alikataa kumaliziwa hadi asikie.

Wimbo ukaanza. Maneno yalitoka safi, kila neno na nafasi yake. Lakini besi? Hakuna. Muziki ulikuwa mwembamba kama uji wa mgonjwa.

Kinyozi alijilazimisha kutabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomuumiza mkewe kuliko kama angemlaumu. Mbao zote zile, pamba yote ile, na sasa hata dumu-dumu ya zamani ilikuwa afadhali. Fundi redio aliinamia bodi, akaigusa huku na huku, akatikisa kichwa. Bodi haikuwa na neno.

Mama mkwe aliinuka. Akaliendea boksi la kulia, akalitegea sikio. Akaenda la kushoto, nalo akalisikiliza. Kisha akarudi katikati.

"Hawa hawaelewani," alisema. "Nikiwa kwa huyu, besi ipo. Nikiwa kwa huyu, ipo. Nikisimama katikati yao inapotea. Ni kama mke na mume waliogombana, kila mmoja ukimkuta peke yake anaongea vizuri."

Watu wakacheka, ila Mama Sponji hakucheka. Alimwomba fundi redio achomoe spika moja. Boksi moja lilipobaki peke yake, besi ikarudi. Akairudisha ya pili, besi ikatoweka. Mbili zikawa chache kuliko moja! Akasimama amejishika kiuno, anayatazama maboksi yale jinsi anavyotazama kochi lililokataa kupita mlangoni. Na hapo ndipo akaliona jambo, maana ni mara ngapi amebeba kochi na mtu asiyejua kubeba? Wewe unasukuma, yeye anasukuma kuja kwako, kochi halisogei hata kidogo.

"Moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta!" alipaza sauti. "Waya za hizi spika zilikuwa zimepauka, sikuona nyekundu ni ipi na nyeusi ni ipi. Nilibahatisha. Zima, zima umeme!"

"Lo!" fundi redio akajipiga paji la uso. "Na mimi nahangaika na bodi."

Umeme ukazimwa. Mama Sponji akageuza waya mbili za boksi la kushoto, akazikaza na kupangusa mikono kwenye aproni. Umeme ukarudi.

Safari hii besi haikupiga watu kifuani. Ilipanda kutoka sakafuni, laini na nene, ikakaa chini ya sauti za waimbaji jinsi godoro zuri linavyokaa chini ya shuka. Kinyozi alifungua mdomo akasahau kuufunga. Kisha akakimbilia droo, akatoa fleshi aliyokuwa ameitunza, akaichomeka. Ulikuwa wimbo wa zamani, wa bendi ya baba yake. Walikuwa nao miaka yote, lakini kwenye sabufa ulikuwa ukivuma tu, na mama mkwe alikuwa akiomba uzimwe.

Sasa magitaa yakaingia, ngoma zikafuata, na chini yake besi ikaanza kutembea.

Mama mkwe akainua mkono. "Huyo."

"Nani, mama?"

"Baba yenu. Nyamazeni. Mnasikia hapo kidole kinateleza? Hapo! Alikosea, wamo studio, wakubwa wote wanamwangalia. Akaambiwa warudie, akasema hajakosea, huo ni mtindo. Akarudia kosa lile lile wimbo mzima ili waamini." Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, wala hakuyafuta. "Mwongo yule! Nilikuwa nimesahau alivyokuwa mwongo!"

Akaiweka fimbo yake juu ya kiti, akaanza kucheza. Alicheza taratibu, mabega kwanza, halafu kiuno, kwa madaha ya mtu aliyewahi kutazamwa na ukumbi mzima. Mama Sponji akamshika mikono wakacheza wote. Fundi redio alijitosa na miguu yake mirefu isiyojua la kufanya. Yule mteja wa nusu kichwa alicheza na kitambaa cha kunyolea shingoni, kinapepea nyuma yake kama joho. Kinyozi alisimama kando ya taa zake za buluu analia na kucheka, hadi mama yake akamwambia, "Njoo wewe. Baba yako alikuwa halii kwenye muziki."

Habari zilienea mtaani bila kutumwa. Watu walianza kwenda kunyolewa kabla nywele hazijaota, na wakishanyolewa hawaondoki. Mama mkwe akajitwalia madaraka ya kuchagua nyimbo za alasiri, na aliyetaka dumu-dumu alielekezwa barabarani. Kisha sabufa zikaanza kuja karakana, zilizofura, zilizopasuka, zilizoliwa na mchwa. Mama Sponji na fundi redio wakagawana kazi: yeye anashika mwili, fundi anashika matumbo. Si kila kazi ilitoka sawa. Boksi moja alilitengeneza kwa mbao nyembamba likawa linalia kama nyuki kila mwimbaji anapovuta sauti. Akalivunja akaanza upya, huku akilitukana kwa upole.

Juzi alikuja mwalimu mmoja na mkewe, wana sabufa iliyokufa kwenye mfuko na kochi lililochoka juu ya mkokoteni. Walikuwa na aibu kidogo kusema shida yao. Mwisho mke akasema: nyumba yao ni ndogo, kochi na maboksi haviwezi kukaa pamoja, je, spika zinaweza kuingia ndani ya mikono ya kochi?

Kinyozi, aliyesikia kupitia ukutani, alikuja mbio. "Mke wangu, kochi linaloimba? Hilo linawezekana kweli?"

Mama Sponji alikuwa ameshaligeuza kochi la watu miguu juu, amepiga magoti, kichwa kizima kimezama ndani, na sauti yake ikatoka humo imezibika lakini ina furaha tele: "Mwalimu, nishikie hapa! Nafasi ipo ya kumwaga!"